Ritani za miaka mitano kwa mkupuo: uchambuzi wa kisa cha fundi viyoyozi na mhasibu aliyemwajiri

Fundi wa viyoyozi na majokofu, aliyejiajiri mwenyewe, ana miaka 5 hajawasilisha ritani ya kodi ya mapato, yaani tamko la mwaka la mapato na kodi yake. Kabla ya hapo aliwasilisha vizuri na kulipa. Kisha ukaja mwaka mbaya: gari lilikufa injini, kazi zikapungua, akapata hasara. Akaona kwamba kwa kuwa hana faida, hana kodi, na kwa kuwa hana kodi, hana cha kuwasilisha. Mwaka uliofuata alipata faida kidogo lakini akaogopa kuwasilisha kwa sababu ule wa nyuma ulikuwa wazi. Miaka mingine 3 ikapita katika hofu hiyohiyo.

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika kazi za aina hii. Si cha mtu mmoja. Tarakimu zimeachwa bila jina la sarafu, na viwango (20% kodi ya mapato, 18% kodi ya ongezeko la thamani, 5% kodi ya zuio, ile ambayo mteja huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini kwa niaba ya anayelipwa) ni vya mfano tu. Weka viwango vya nchi yako, hesabu itapita njia ileile.

Mambo mawili ndiyo yaliyomtoa mafichoni. La kwanza, kampuni moja ilitaka kumpa mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima kwa sharti la kuleta hati ya kuonyesha kwamba hadaiwi kodi. La pili, alipoingia kwenye akaunti yake ya mlipakodi kuomba hati hiyo, alikuta barua 2 za makadirio: Mwaka wa 2 (tukihesabu ule wa hasara kuwa wa 1), kodi 14,400, Mwaka wa 3, kodi 19,800. Jumla 34,200. Barua zilikuwa na umri wa siku 19, na muda wa kuweka pingamizi ulikuwa siku 30.

Makadirio hayo hayakuwa uonevu. Asipowasilisha mtu, mamlaka ya kodi hutumia ilicho nacho. Hapa ilikuwa na taarifa za kampuni zilizokata kodi ya zuio kwenye malipo yake, ikazipandisha kupata mapato ya 72,000 na 99,000, ikapiga 20%. Matumizi haikuweka hata senti, kwa kuwa matumizi ni jambo ambalo mlipakodi ndiye wa kulithibitisha. Ndiyo maana makadirio karibu kila mara huwa makubwa kuliko kodi halisi ya biashara yenye gharama nyingi, na ndiyo maana kukimbilia kuyalipa ili yaishe ni kosa la gharama.

Wahasibu watatu, majibu matatu

Fundi alizungumza na watu 3. Wa kwanza alimwambia ana mtu wake ndani ya ofisi ya kodi, akaomba nywila ya akaunti na 30% ya kiasi kitakachopunguzwa. Huyo hatuhitaji kumjadili sana. Anayelipwa kwa asilimia ya kodi iliyopungua ana sababu ya kuipunguza kwa njia yoyote, na siku ya ukaguzi jina lililo kwenye ritani ni la fundi.

Wa pili ni hatari zaidi kwa sababu anaonekana mnyoofu. Bei yake ilikuwa ndogo na ya jumla: ritani 5, siku 2, kazi imekwisha. Swali lake lilikuwa moja tu: "Niambie kila mwaka uliuza kiasi gani." Alipoona fundi anasita, akapendekeza ritani sifuri kwa miaka yote ili orodha ya madeni isafishike na hati itoke. Kimfumo inawezekana: ritani sifuri hupokelewa kwa dakika chache na alama nyekundu hupotea. Lakini mamlaka tayari ilikuwa na taarifa za kodi ya zuio chini ya namba yake ya mlipakodi. Ritani inayosema hakuuza chochote, juu ya kumbukumbu zinazoonyesha kampuni zilimlipa, inageuza uchelewaji kuwa taarifa ya uongo. Uchelewaji una adhabu yenye kiwango kinachojulikana. Taarifa ya uongo ina adhabu nzito zaidi, inaweza kufika mahakamani, na katika nchi nyingi huondoa ukomo wa miaka ambao mamlaka ingezuiwa kurudi nyuma.

Wa tatu hakuuliza mauzo. Aliuliza tarehe ya barua za makadirio, idadi ya akaunti za benki na za simu, kama kuna akaunti iliyofungwa, kama kuna wasaidizi wanaolipwa, na kama mauzo ya miezi 12 yoyote yaliwahi kuvuka kiwango cha lazima cha usajili wa kodi ya ongezeko la thamani. Akasema hawezi kutaja bei ya kazi nzima kabla ya kuona taarifa za benki, ila anaweza kutaja bei ya kuchunguza.

Hapo ndipo palipo na tofauti. Katika ritani za miaka ya nyuma, kujaza fomu ni sehemu ndogo kabisa ya kazi. Kazi yenyewe ni kujenga upya vitabu ambavyo havikuwahi kuandikwa. Anayetoa bei bila kuuliza habari za kumbukumbu hana mpango wa kuvijenga.

Kabla ya kukubaliana, fundi alitafuta namba ya usajili ya mhasibu huyo kwenye orodha ya bodi ya taaluma, na kuona kama anaruhusiwa kumwakilisha mlipakodi mbele ya mamlaka. Hivi ni vitu viwili: katika nchi kadhaa mtu anaweza kuwa mhasibu halali lakini asiwe wakala wa kodi aliyesajiliwa, na barua yake ya pingamizi isipokelewe. Akauliza pia nani hasa atafanya kazi, yeye au msaidizi wake, na nani atalipa adhabu ikitokea kosa la mhasibu. Jibu la swali hilo la mwisho liandikwe.

Kuna hali moja ambayo mhasibu si mtu wa kwanza wa kumwona. Kama kuna ankara bandia, mapato yaliyofichwa kwa makusudi au uchunguzi wa jinai umeshaanza, aanze na mwanasheria. Sehemu nyingi mazungumzo na mhasibu hayana kinga ya siri kama ya mwanasheria. Fundi huyu alichelewa tu, hakughushi chochote.

Barua ya makubaliano

Barua ilikuwa na kurasa 2, na yafuatayo ndiyo yaliyozuia ugomvi baadaye. Ilitaja miaka kwa jina lake (Mwaka wa 1 hadi wa 5) na aina za kodi: mapato pekee, pamoja na uchunguzi wa kama ongezeko la thamani na kodi ya mishahara zinahusika. Zikigundulika kuhusika, bei yake ingezungumzwa upya kwa maandishi. Kipengele hicho kinaonekana kidogo, kumbe ndicho kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote.

Malipo yaligawanywa kwa hatua: 10% baada ya uchunguzi, 50% kadiri vitabu vinavyojengwa (kwa mafungu mawili), 20% ritani zikishapokelewa, na 20% ya mwisho pale tu taarifa ya akaunti ya mlipakodi itakapoonyesha makadirio yamefutwa. Wahasibu wengine hukataa fungu la mwisho kwa sababu kasi ya mamlaka haiko mikononi mwao, na wana hoja. Hata hivyo, bila fungu hilo, ufuatiliaji wa baada ya kuwasilisha huwa wa kubembelezana.

Mengine: kila ritani isomwe na kukubaliwa na fundi kabla ya kutumwa. Kodi ilipwe na fundi mwenyewe moja kwa moja kwa mamlaka kwa namba ya malipo, isipite kwenye akaunti ya mhasibu hata siku moja. Nywila isitolewe, mifumo mingi ina njia ya kumpa wakala idhini ya uwakilishi na kuiondoa. Na leja zote, pamoja na majedwali ya kazi, ni mali ya mteja na atakabidhiwa. Hili la mwisho husahaulika, kisha mtu akibadilisha mhasibu anaanza upya kutoka sifuri.

Siku 11 za kwanza

Kanuni ya kawaida ni kuanza na mwaka wa zamani zaidi na kupanda kuja mbele. Salio la kufungia mwaka mmoja ndilo la kufungulia unaofuata: hasara inayohamishwa, thamani iliyobaki ya gari na zana baada ya uchakavu, vipuri vilivyobaki stoo, wateja waliokuwa bado hawajalipa. Ukianza na mwaka wa juu, utalazimika kuurekebisha kila unaposhuka.

Lakini siku 11 zilikuwa zimebaki kabla ya makadirio kuwa ya mwisho. Makadirio yasiyopingwa kwa wakati hugeuka deni linaloweza kukusanywa, hata kwa kuzuia akaunti ya benki. Kwa hiyo mhasibu aligawa kazi. Siku ya 1 aliwasilisha idhini ya uwakilishi. Siku ya 2 aliandika pingamizi kwa kila mwaka kivyake, si barua moja kwa yote miwili, akieleza kwamba mapato yamekadiriwa bila matumizi na kwamba ritani zinafuata. Kisha akajenga Mwaka wa 1, wa 2 na wa 3 tu, kwa sababu Mwaka wa 2 usingekamilika bila kujua hasara ya wa 1. Miaka ya 4 na 5 ikasubiri.

Sehemu nyingi pingamizi dhidi ya makadirio halihesabiki kuwa kamili mpaka ritani yenyewe iwe imewasilishwa, na baadhi hutaka sehemu ya kodi isiyobishaniwa ilipwe kwanza. Barua ya malalamiko peke yake, hata ikiwa na maneno mazuri, hurudishwa.

Kujenga vitabu: Mwaka wa 3

Kulikuwa na akaunti 2 za benki, moja ikiwa imefungwa, na 1 ya simu. Miezi 60, mistari 4,000 na ushee ya miamala. Mhasibu aliomba taarifa katika muundo wa jedwali la kompyuta, si picha wala karatasi. Kunakili kwa mkono ndiko kunakokula saa na kuzaa makosa. Benki ya akaunti iliyofungwa ilichukua wiki 3 kutoa taarifa, kwa hiyo ombi hilo lilipaswa kuwa la kwanza kabisa. Bahati nzuri akaunti ile ilifungwa mapema Mwaka wa 3 na miamala yake ilikuwa michache, pingamizi halikukwama.

Mwaka wa 3, benki ilionyesha pesa zilizoingia 86,400 na simu 31,200, jumla 117,600. Mtu asiye makini angeiita hiyo mauzo. Ndani yake kulikuwa na 18,500 zilizotoka kwenye simu kwenda benki, yaani pesa ileile iliyohesabiwa mara mbili. Kulikuwa na mkopo wa benki wa 20,000, ambao si mapato. Kulikuwa na 6,300 za kaka yake zilizopita kwenye akaunti kwenda kununua vifaa vya ujenzi, na zikaonekana zikitoka wiki ileile. Na 1,100 za miamala iliyorudishwa. Ukiondoa hizo 45,900 unabaki na 71,700 zilizotoka kwa wateja kweli.

Halafu mhasibu akaongeza, na hapa ndipo wateja wengi hushtuka. Kampuni zilizokata kodi ya zuio zililipa 38,000 mkononi, lakini ankara zilikuwa za 40,000. Zile 2,000 ni mapato yake ingawa hazikufika benki. Na daftari la kazi, lile la kuandika jina la mteja, mashine na gesi iliyowekwa, lilionyesha kazi za 4,300 zilizolipwa taslimu na kutumika bila kuwekwa benki. Mauzo ya mwaka yakawa 78,000.

Kuongeza hizo 4,300 si ukarimu kwa serikali. Daftari lipo, na mkaguzi akiliomba ataliona. Ritani inayolingana na daftari ina nguvu hata pale risiti zilipokosekana. Isiyolingana nalo hupoteza imani kwa kila tarakimu nyingine.

Kwa matumizi, fundi alidai vipuri na gesi vya 36,500. Risiti zilizokuwepo zilikuwa chache, kwa sababu risiti za karatasi ya joto hufutika na miaka 3 inatosha kuziacha nyeupe. Mhasibu alienda kwa wauzaji 3 wakubwa wa vipuri akaomba taarifa za akaunti ya mteja, akalinganisha na malipo ya simu na benki siku kwa siku. Kilichothibitika ni 31,000. Zile 5,500 zilizobaki ziliachwa nje. Kisha akapima: 31,000 kwa 78,000 ni karibu 40% ya mauzo. Mwaka wa mwisho aliowasilisha fundi ulikuwa na 41%. Uwiano umekaa. Ungetoka 60%, kuna matumizi ya nyumbani yameingia au mauzo yamesahaulika; ungetoka 20%, kuna manunuzi hayajaonekana.

Mishahara ya wasaidizi 9,600, kodi ya stoo 4,800. Mafuta na matengenezo ya gari yalikuwa 8,000, lakini gari lilitumika pia kifamilia. Kwa kulinganisha anwani za kazi na umbali, sehemu ya biashara ilikubaliwa kuwa 75%, yaani 6,000. Marejesho ya mkopo yalikuwa makubwa, ila kinachohesabika ni riba tu, 2,400. Kurudisha mtaji wa mkopo si matumizi, kama vile kuupokea hakukuwa mapato. Simu na ada za benki 1,700. Uchakavu wa gari na zana kwa viwango vya sheria 3,500. Jumla ya matumizi 59,000, faida 19,000, kodi kwa 20% ni 3,800.

Mamlaka ilisema 19,800.

Kutoka hiyo 3,800 inaondolewa kodi ya zuio iliyokwisha kukatwa, 2,000. Lakini vyeti vya zuio vilivyoonekana kwenye mfumo vilikuwa vya 1,400. Kampuni moja ilikata 600 na haikuzipeleka. Mhasibu alidai 1,400 tu, akaacha 2,400 kama deni, na kuiandikia kampuni hiyo barua yenye namba za ankara na tarehe za malipo. Kudai 600 bila cheti kungefanya ritani nzima isimame kwa ajili ya uhakiki, wakati saa ya pingamizi inagonga.

Mwaka wa 1 ulitoka na hasara ya 4,000. Hasara ile aliyoona haina haja ya kuwasilishwa ilikuwa na thamani: Mwaka wa 2 ulikuwa na faida ya 9,000, ikapungua hadi 5,000, kodi 1,000, na baada ya zuio la 600 akabaki na 400 badala ya 14,400. Sehemu nyingi hasara isiyowasilishwa haihamishwi, na baadhi ya nchi zina kikomo cha miaka ya kuitumia.

Kodi ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama

Miaka ya 4 na 5 kodi ya mapato haikuwa na maajabu: 2,500 na 2,000 baada ya zuio. Tatizo lilijitokeza mhasibu alipopanga mauzo kwa mwezi badala ya mwaka. Tuchukue kiwango cha usajili wa ongezeko la thamani kuwa 80,000 kwa miezi 12. Mwaka wa 3 wote fundi alikuwa chini yake. Lakini mahali pengi miezi 12 inayohesabiwa ni yoyote inayofuatana, si Januari hadi Desemba, na kwa hesabu hiyo alivuka katikati ya Mwaka wa 4. Wajibu wa kutoza ukaanza mwezi wa 9.

Kuanzia hapo hadi mwisho wa Mwaka wa 5 ni miezi 16, na alipokea 118,000 bila kutoza kodi hiyo. Sheria kwa kawaida huchukulia kwamba alichopokea kina kodi ndani yake: katika kila 118, 18 ni kodi. Hivyo 18,000 za serikali zilikuwa zimelala ndani ya mauzo yake na alikwisha kuzitumia. Akipunguza kodi aliyolipa kwenye manunuzi yenye ankara halali, 5,900, anabaki na 12,100. Zaidi ya mara moja na nusu ya kodi ya mapato ya miaka 5 iliyobaki baada ya zuio.

Hapa ndipo mhasibu mzuri anapostahili ada yake. Wateja wa nyumbani hawawezi kurudiwa. Kampuni zilizosajiliwa, hata hivyo, zinaweza kudai tena kodi zinazotozwa, ilimradi zipate ankara halali ndani ya muda wa sheria. Kwao nyongeza ya 18% si gharama. Mhasibu aliandaa ankara za nyongeza kwa kampuni 2 zenye kazi za jumla ya 40,000, nazo zikakubali kulipa 7,200 juu. Hivyo kodi ya mauzo ikawa 7,200 hizo pamoja na karibu 11,900 zilizomo ndani ya 78,000 za wateja wengine. Ukiondoa 5,900 za manunuzi, kilichotoka mfukoni mwa fundi mwenyewe kilikuwa takriban 6,000, nusu ya hesabu ya mwanzo. Kampuni ya tatu ilikataa, kwa haki yake: mkataba ulisema bei inajumuisha kodi zote.

Mamlaka ilikuwa haijaiona kodi hii. Kuitangaza kwa hiari kabla ya taarifa ya ukaguzi kufika ni tofauti kabisa na kukutwa nayo, kwani nchi nyingi hupunguza au kufuta adhabu kwa anayejileta, ingawa riba hubaki. Barua ya kujitangaza ilitumwa pamoja na ombi la usajili wa tarehe ya nyuma. Kwa Miaka ya 2 na 3 mlango huo ulikuwa umefungwa, maana barua za makadirio zilikwisha toka.

Wasilisha hata kama huna pesa

Fundi alitaka kusubiri mpaka apate fedha zote ndipo awasilishe. Ni fikra ya kawaida na ni ya gharama, kwa sababu adhabu ya kutowasilisha na adhabu ya kutolipa ni vitu viwili. Nchini Marekani kutowasilisha hutozwa 5% ya kodi isiyolipwa kwa kila mwezi hadi kufikia 25%, ilhali kutolipa ni 0.5% kwa mwezi. Uingereza hutoza pauni 100 kwa ritani binafsi iliyochelewa hata kama hakuna kodi ya kulipa. Kenya hutoza mtu binafsi shilingi 2,000 au 5% ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo. Sura ni tofauti lakini mwelekeo ni mmoja: ritani iliyowasilishwa bila malipo ni deni, isiyowasilishwa ni deni pamoja na kosa.

Anayetarajia kurudishiwa pesa naye asilale. Marekani, dai la rejesho kwa kawaida hufa baada ya miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya kuwasilisha.

Ritani za Miaka ya 1, 2 na 3 zilipokelewa siku ya 10. Za 4 na 5 zilifuata wiki 5 baadaye. Wakati huohuo ritani ya mwaka unaoendelea iliandaliwa na kuwasilishwa kwa wakati, maana maombi ya kulipa kwa awamu au kusamehewa adhabu hukataliwa upesi kwa mtu anayechelewesha hata ya sasa.

Malipo, na palipoharibika

Ombi la awamu lilitaja miezi 12. Fundi alikuwa ameahidi 6 ili aonekane ana nia. Mhasibu aliangalia miezi mibaya ya biashara, ile ya baridi ambapo viyoyozi vimezimwa, akaweka kiasi kinacholipika hata katika miezi hiyo. Awamu moja ikikosekana, mpango wote unaweza kuvunjwa na deni lote kudaiwa mara moja. Ni afadhali kiasi kidogo kisichokatika.

Ombi la msamaha wa adhabu liliandikwa kwa ukurasa mmoja. "Sikujua" haikuwemo. Ilikuwemo ripoti ya gereji ya Mwaka wa 1, tarehe za kulazwa hospitali mwanzoni mwa Mwaka wa 2 zenye karatasi zake, na kukiri kwamba Miaka ya 3 hadi 5 haina sababu ya maana. Adhabu ya Mwaka wa 2 ilisamehewa. Nyingine zilibaki.

Kosa la kuudhi lilitokea kwenye malipo yenyewe. Fundi alilipa 2,400 za Mwaka wa 3 kwa kuchagua mwaka wa sasa kwenye fomu ya malipo. Pesa ikaingia kama malipo ya awali ya mwaka huu, ikakaa kama ziada, huku deni la Mwaka wa 3 likiendelea kuzaa riba. Mfumo haukumwonya, kwake yote yalikuwa malipo halali. Ilibidi kuomba uhamisho kwa barua, wiki 4. Kila malipo yana vitu 4 vya kuhakiki kabla ya kubonyeza: namba ya mlipakodi, aina ya kodi, mwaka, na kama ni kodi, adhabu au riba.

Ritani mpya pia haikufuta makadirio yenyewe. Kwa miezi 2 taarifa ya akaunti ilionyesha Mwaka wa 3 ukidaiwa 19,800 za makadirio na 2,400 za ritani kwa pamoja, kana kwamba ni kodi mbili. Mamlaka ilikuwa imekubali pingamizi kwa barua, lakini hakuna aliyeingiza uamuzi kwenye leja. Mhasibu alirudi na nakala ya barua na taarifa ya akaunti iliyopigiwa mstari, mara 3, mpaka makadirio yakaondolewa. Lile fungu la 20% lilikuwa bado halijalipwa.

Hati aliyoiomba mwanzoni ilitoka baada ya awamu ya pili kulipwa, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kutumika. Kampuni iliyokata zile 600 ilizipeleka hatimaye, cheti kikaonekana kwenye mfumo, na ritani ya Mwaka wa 3 ikarekebishwa kutoka 2,400 hadi 1,800. Tofauti haikurudishwa mkononi. Ilihamishiwa Mwaka wa 5 kwa maombi. Kodi ya mapato ya miaka yote 5, baada ya zuio na kabla ya riba na adhabu, ikafungwa kwenye 6,700.